Sikio la mtoto linatoa usaha: namna ya kulikausha kwa utambi, hatua kwa hatua

Nafanya kazi kliniki ya watoto, na kuna swali ambalo halipiti wiki bila kuulizwa. Huja mwishoni kabisa. Mtoto ameshapimwa uzito, chanjo ameshapata, mama ameshafunga mbeleko anaelekea mlangoni, ndipo anageuka: “Nesi, na hili sikio je? Linatoa usaha tangu Ramadhani.” Ukihesabu, ni miezi minne. Miezi minne mtoto anaamka mto umelowa, na hakuna aliyemleta kwa ajili ya sikio lenyewe, kwa sababu mtaani wameshamwambia ni meno, au ni mambo ya watoto, akikua litaacha.

Naomba tuanze hapo. Usaha sikioni ni ugonjwa, una dawa, na sehemu kubwa ya matibabu inafanyika nyumbani kwa mikono yako mwenyewe. Kinachohitajika zaidi ni sikio likauke na libaki kavu. Hata dawa ya matone haifiki pale inapotakiwa kufika kama njia imejaa usaha.

Maelezo mafupi kabla ya kazi

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo, na chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua hayachukui muda kupanda. Usaha ukijaa humo ndani unaisukuma ngoma, mtoto analia usiku kucha na kujishika sikio. Kisha ngoma inatoboka, usaha unamwagika nje, maumivu yanapungua ghafla, mtoto analala. Hapo ndipo nyumba nzima hupumua na kusema amepona, kumbe ugonjwa umefungua mlango tu. Tundu lile likikaa kavu, mara nyingi hujiziba lenyewe. Likikaa limelowa, vijidudu vinaendelea kuishi humo na usikivu unazidi kupungua.

Hesabu siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika zahanati unatenganisha usaha wa chini ya siku 14 na ule wa siku 14 au zaidi, na dawa zake ni tofauti. Kwa ule mpya, kwa kawaida mtoto hupewa amoksilini ya kumeza kwa siku 5, parasetamo ya maumivu, na kukaushwa sikio. Kwa ule wa muda mrefu, dawa ya kumeza haisaidii sana; anapewa matone ya sikio yenye dawa kama siprofloksasini kwa wiki 2, na kukaushwa sikio. Umeona kwamba kukausha kupo kote kuwili.

Kwanza mpeleke akaonekane

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya zahanati. Kuna mtu anatakiwa aangalie ndani ya sikio, apime uzito wa mtoto na kuandika dozi. Ukifika, litaje sikio mwanzoni, usisubiri kuaga.

Usikae nyumbani hata saa moja kujaribu utambi ukiona lolote kati ya haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

- uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele kuliko lile jingine;
- homa kali na shingo kukakamaa, degedege, kutapika kila kitu, au usingizi ambao mtoto haamki vizuri;
- uso umepinda upande mmoja, au mtoto aliyekuwa anatembea sasa anayumba;
- mtoto ana umri wa chini ya miezi 2;
- majimaji meupe kama maji, au damu, vimeanza kutoka baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Hapa usiingize kitu chochote sikioni.

Uvimbe wa nyuma ya sikio nauogopa kuliko yote. Maana yake usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo ubongo hauko mbali.

Unachohitaji

- Kitambaa cha pamba kinachonyonya maji. Khanga kuukuu ndiyo bora, ile iliyofuliwa mpaka imelainika. Khanga mpya ina uwanga, maji yanateleza juu yake, haifai. Kitenge cha nailoni hakifai kabisa.
- Sufuria ya kuchemshia vitambaa, na jua la kuanikia au pasi.
- Sabuni na maji ya kunawa.
- Chombo chenye mfuniko cha kuwekea vitambaa safi, na kingine cha vilivyotumika.
- Mwanga. Kaa mlangoni au dirishani mchana. Usiku mtu akushikie tochi.
- Dawa ulizoandikiwa, kama umeandikiwa.
- Mtu wa pili, ikiwa mtoto ana nguvu.

Kama huna khanga kuukuu, tishu imara isiyomeguka inafaa. Tishu laini ya chooni inakatika ikilowa na kuacha vipande ndani. Vijiti vya pamba vya dukani acha, nitavirudia chini.

Hatua za kukausha

1. Andaa vitambaa siku moja kabla. Kata vipande vya mraba, upana wa vidole vinne. Kata vingi, ishirini au zaidi, maana mkao mmoja unaweza kula vitano. Vichemshe, vianike juani au vipige pasi, kisha vifunike.

2. Nawa mikono kwa sabuni.

3. Tengeneza utambi. Shika kipande kwa pembe, kisokote kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe na ncha kama ya penseli iliyochakaa. Kinatakiwa kiwe laini lakini kisimame chenyewe bila kujikunja. Kikilala, kimelegea, sokota tena. Kikikuchoma ukikijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, umekaza mno. Tengeneza vinne au vitano kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu ukishamshika hutakuwa na mkono wa kusokotea.

4. Mweke mtoto vizuri. Mkalishe mapajani ubavuubavu, sikio bovu likiangalia nje, kichwa kikiegemea kifua chako. Mkono wako mmoja umzungushie kichwa ukishika paji la uso, miguu yake uibane katikati ya mapaja yako. Mwambie unachofanya hata kama ana mwaka mmoja. Sauti yako inamtuliza.

5. Futa kwanza usaha ulio nje kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kukamuliwa sana.

6. Nyoosha njia ya sikio. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, vuta ndewe taratibu kwenda chini na nyuma. Kwa mkubwa zaidi, vuta sehemu ya juu ya sikio kwenda juu na nyuma. Usiporuka hatua hii, utambi hautaishia kwenye kona.

7. Ingiza utambi ukiuzungusha polepole, mpaka uhisi umezuiwa kidogo au mtoto ashtuke. Hapo simama. Kwa mtoto mdogo haizidi urefu wa kucha ya kidole gumba chako. Uache ndani dakika moja hivi. Kazi ya kunyonya ni ya kitambaa, wewe usisukume.

8. Utoe, uangalie ncha. Wa kwanza kwa kawaida hutoka umelowa chepechepe, njano au kijani, na una harufu. Wa pili umelowa nusu yake. Wa tatu una doa la ukubwa wa punje ya mchele. Wa nne unatoka kama ulivyoingia. Ukipata utambi unaotoka hivyo, umemaliza. Ukiacha kwenye wa pili kwa sababu mtoto analia, usaha uliobaki unatosha kulowesha sikio lote tena kabla ya jioni.

9. Kama umeandikiwa matone, yatie sasa. Ishike chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, kwa sababu matone ya baridi humletea mtoto kizunguzungu. Mlaze kwa ubavu, sikio bovu juu, tia idadi uliyoandikiwa bila ncha ya chupa kugusa sikio. Halafu bonyeza mara kadhaa kile kinyama kigumu kilicho mbele ya tundu, kama unayepampu, dawa ipenye. Abaki amelala dakika 5.

10. Usiache utambi wala pamba ndani. Vilivyotumika vichemshe au vitupe. Nawa tena.

Rudia mara 3 kwa siku, angalau: asubuhi akiamka, mchana, na kabla ya kulala. Ule wa asubuhi usiukose hata siku moja, kwa kuwa usiku kucha usaha umekuwa ukijikusanya. Endelea mpaka utambi wa kwanza wa asubuhi utoke mkavu siku kadhaa mfululizo. Rudi zahanati baada ya siku 5 uangaliwe unavyoendelea, hata kama unaona mambo mazuri.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kumimina vitu sikioni. Mafuta ya kula, maziwa ya mama, maji ya kitunguu saumu, mkojo, spiriti. Najua vinatoka kwa bibi zetu na vinatolewa kwa mapenzi, na sitaki mtu yeyote ajisikie vibaya kwa kuwa alijaribu. Lakini ngoma ikiwa imetoboka, unachomimina kinaingia moja kwa moja kwenye chumba cha ndani. Niliwahi kumpokea mtoto aliyetiwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Ngozi ilikuwa imebabuka kutoka ndani ya tundu hadi kwenye ndewe, na usaha uko pale pale chini ya jeraha. Usitie chochote ambacho hakikuandikwa kwa jina la mtoto huyu.

Kununua matone yoyote dukani. Kuna matone ya macho na masikio yenye jentamaisini, ni ya bei nafuu na yanapatikana kila mahali. Dawa hiyo ikipita kwenye ngoma iliyotoboka na kufika sikio la ndani, inaweza kuharibu usikivu na kumpotezea mtoto mizani ya mwili. Vilevile, chupa aliyobakiza kaka yake mwaka jana itupe.

Kuogopa kuukausha usaha. Wengi wameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba usaha ukizuiwa utapanda kichwani. Naelewa hofu hiyo, kwa sababu wapo watoto waliopata homa ya uti wa mgongo kutokana na sikio. Ila waliipata kwa usaha uliokaa bila kutibiwa. Utambi hauzuii kitu, unautoa nje.

Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, unyoya wa kuku. Vinasukuma uchafu ndani na vinaweza kutoboa ngoma iliyo nzima. Na kwa sikio ambalo halina ugonjwa, ile nta ya njano haihitaji kutolewa. Sikio huisukuma nje lenyewe. Futa inayoonekana kwa kitambaa, basi.

Kuziba na pamba kutwa nzima ili nzi wasitue. Pamba inashika unyevu ndani na sikio linaoza kwa joto. Mvalishe kofia nyepesi, futa nje mara kwa mara.

Kuogelea. Baharini, mtoni, bwawani, hapana, mpaka sikio lipone. Wakati wa kuoga, paka pamba mafuta mazito ya kujipaka kwa nje, iweke mdomoni mwa tundu, na uitoe mara tu baada ya kuoga. Pamba kavu isiyopakwa mafuta inavuta maji, ni bora usiiweke.

Kuacha dawa siku ya pili kwa sababu usaha umekoma. Siku 5 ni siku 5.

Pua na koo navyo viangalie

Sikio linakauka wiki hii, mafua yanakuja wiki ijayo, usaha unarudi. Kwa hiyo shughulikia na pua. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia matone mawili matatu kila tundu la pua, subiri, kisha futa kamasi kwa kitambaa laini. Maji hayo tengeneza mapya kila siku. Mtoto mkubwa afundishwe kupenga tundu moja moja, kwa upole. Kupenga kwa nguvu huku matundu yote yamebanwa kunasukuma kamasi kwenye mrija wa sikio.

Mtoto wa chupa asinyonye akiwa amelala chali. Moshi wa kuni na wa sigara unachangia sana, hivyo mtoto asikae jikoni wakati moto unawashwa. Na chanjo: ile ya kukinga nimonia, inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa Tanzania na Kenya, inakinga pia dhidi ya moja ya vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu wa sikio. Surua nayo huacha masikio mabovu, usikose ya miezi 9 na ya miezi 18.

Kuhusu koo nina mambo mawili tu. Mtoto wa umri wa shule mwenye koo linalouma, homa na tezi za shingo zilizovimba, lakini hana kikohozi wala mafua, mpeleke akatibiwe. Aina mojawapo ya maambukizi hayo isipotibiwa huweza kufuatiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. La pili ni kimeo. Tafadhali usimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kikohozi kisichoisha kina sababu zake, nimonia, pumu, kifua kikuu, na hakuna hata moja inayokaa kwenye kile kinyama. Wanaokatwa huvuja damu, hupata tetanasi na maambukizi ya damu, na wengine hufa, kwa kitu ambacho hakikuwa kinawasumbua.

Mambo yakienda kombo

Utambi unatoka mkavu lakini asubuhi mto umelowa. Mara nyingi utambi haujafika. Rudia hatua ya 6. Pia mlaze kidogo upande wa sikio bovu kabla ya kuanza, usaha usogee nje.

Utambi una michirizi ya damu. Kidogo tu, huenda umekwaruza ngozi. Legeza msokoto na punguza mwendo. Damu ikidondoka, acha na uende zahanati.

Mtoto hakubali kabisa. Mfanyie akiwa na usingizi, au akinyonya. Wakubwa waonyeshe kwanza kwenye sikio la mwanasesere au la kwako. Usimkamate kwa nguvu huku anapiga kichwa huku na huku. Hapo ndipo majeraha hutokea.

Harufu ni kali mno, inajaza chumba. Inawezekana kuna kitu kimekwama, punje ya hindi, harage, ushanga, au kuna uvimbe unaokula mifupa midogo ya sikio. Usijaribu kuchokoa, na usimimine maji, kwa sababu harage likilowa linavimba na kukaza. Anatakiwa daktari mwenye vifaa. Ukijua au ukishuku kuwa ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mwanasesere, iwe sikioni au puani, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Wiki 2 zimepita, umekausha vizuri, umetia matone, bado linatoa. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili na ya Taifa ya Kenyatta wana idara hiyo, na baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa na kaunti pia. Wakikushauri mtoto apimwe VVU na kifua kikuu, kubali. Sikio lisilopona ni moja ya dalili zinazowafanya wahudumu wafikirie hivyo, na majibu yoyote yanayopatikana mapema yanampa mtoto nafasi nzuri.

Limepona, limerudi baada ya mafua. Hutokea pale tundu la ngoma lilipokuwa halijaziba. Anza kukausha siku hiyo hiyo na urudi kliniki. Likijirudia mara kwa mara, daktari anaweza kuiziba ngoma kwa upasuaji mtoto akifikia umri unaofaa.

Likishakauka, pima anasikia

Hii hatua karibu kila mtu huiruka. Mdogo wangu wa kiume alikaa na sikio la usaha tangu akiwa na miaka miwili. Shuleni alichapwa kwa ukaidi kwa kuwa akiitwa haitiki, na sisi nyumbani tulimwita mzito wa kusikia kwa utani. Alikuwa darasa la nne tulipogundua kwamba sikio la kushoto halisikii karibu kitu, na mwalimu wake alikuwa anasimama kushoto.

Ngoja mtoto awe amezama kwenye mchezo, chumba kiwe kimya, simama nyuma yake mahali asipoona kivuli chako, umbali wa hatua moja. Ziba sikio moja kwa kidole, ukibonyeza kile kinyama cha mbele. Nong’ona jina la kitu anachokijua, “kuku”, “sahani”, “mpira”, umwambie arudie. Fanya maneno matatu, kisha hamia sikio la pili. Kwa mtoto asiyeongea bado, tikisa funguo au kijiko kwenye kikombe nyuma yake, kulia halafu kushoto, uone kama anageuka. Asipogeuka, au akirudia maneno ya upande mmoja tu, mrudishe hospitali apimwe usikivu. Wakati mnasubiri tarehe, mwambie mwalimu amkalishe mbele, sikio zuri likielekea ubaoni, na wewe nyumbani zungumza naye ukiwa mbele yake, anakuona mdomo.